JINA LA MWENYE SHAMBA

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani, mbele ya mkutano wa Chama, Ifakara)



Katibu wetu aliponiandikia barua kuniomba niseme machache juu ya taabu za jamii katika kazi, usalama na haki za wanawake, nilikaa siku mbili bila kumjibu. Neno hilo ni pana kama mbuga ya Kilombero wakati wa masika, na mtu akiingia bila kujua mahali pa kuvukia atapotea. Mimi si mwanasheria wala si mwalimu. Mimi ni karani, na kazi yangu ni kuandika. Kwa hiyo nimeona heri niseme juu ya jambo moja ninalolijua kwa mkono wangu mwenyewe, yaani jina linaloandikwa katika karatasi ya shamba, na mtu ambaye jina lake haliandikwi.

Kwanza nawakumbusha habari ya zamani. Chama cha watumishi Waafrika wa serikali katika Tanganyika kilianzishwa Tanga mwaka 1922, na aliyekiongoza ni Bwana Martin Kayamba, naye alikuwa karani kama sisi. Wazee wale walitaka kazi yao ihesabiwe na majina yao yaheshimiwe. Shauri la mwanamke mtumishi halikuwa mbele yao, maana ofisi za siku zile zilikuwa za wanaume. Hata Uingereza kwenyewe mwanamke aliyefanya kazi ya serikali alilazimishwa kuiacha siku alipoolewa, na amri hiyo iliondolewa mwaka 1946 tu. Leo nikitazama safu ya mbele nawaona akina mama wenye mafaili magotini, na tarehe 19 Machi, 2021, mwanamke aliapishwa kuwa Rais wa nchi hii. Basi msidhani nimekuja hapa kulia tu.

Lakini ofisi zetu si bonde zima. Kila mwenyeji wa Ifakara ajua mambo yaendavyo mvua zinapokaribia. Nyumba hufungwa, au huachiwa bibi mzee pamoja na watoto wa shule, na jamaa huenda mashambani, wengine mwendo wa kutwa, kulima mpunga katika nchi ya chini ambako maji hupanda na kushuka. Huko hujenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, na hapo hukaa tangu kupanda hata kuvuna. Wanaume hulima, sisemi kwamba hawalimi. Walakini mwanamume hurudi mjini kutafuta kibarua, au huenda kwenye miwa ya Kidatu, au huchukua samaki kuuza, na abakiye kupalilia na kuamia ndege tangu alfajiri mpaka jua kuchwa ni mama, na mtoto yu mgongoni. Wasifuo mchele wa Ifakara katika hoteli za Dar es Salaam hawajui kwamba punje zile zililindwa na mwanamke aliyekuwa akipiga debe na kupaza sauti tangu umande haujakauka.

Kukaa huko si salama. Mtoni kuna mamba na viboko, na usiku kuna mbu. Tena njia yenyewe ilikuwa ya hatari. Nyote mwakumbuka zamani za pantoni, jinsi mtu wa Lupiro au wa Mahenge alivyofika ukingoni akaikuta iko ng'ambo, akangoja. Mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu, akiletwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, alingoja vilevile, maana mto haumjui mgonjwa. Mwezi wa Januari, 2016, kivuko kilipinduka kwa upepo mkali pamoja na watu na magari. Ndipo daraja lile la mita 384 likamalizika, nalo likafunguliwa mwezi wa Mei, 2018. Mimi hulivuka kwa shukrani kila nitumwapo Ulanga. Lakini daraja lapita juu ya mto mkubwa tu. Vijito vilivyo nyuma ya mashamba mama huvivuka kwa mtumbwi, au kwa miguu, maji yakiwa kifuani na mzigo kichwani.

Juu ya mbu nitasema kidogo zaidi, kwa sababu habari hii ni ya hapa kwetu, na yaingia katika neno langu. Maabara ya uchunguzi wa magonjwa ilianzishwa hapa Ifakara katika miaka ya 1950 na Profesa Rudolf Geigy wa Basel, nayo ndiyo mwanzo wa taasisi kubwa ya afya tuliyo nayo. Kuanzia mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa viliuzwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba, kwa watoto wadogo wasiotimiza miaka mitano, vyandarua hivyo viliongeza kuokoka kwa kadiri ya asilimia 27. Hii ni habari ya kujivunia, maana dunia nzima ilijifunza kutoka bonde hili. Nami nauliza swali la karani tu: chandarua kile kiliuzwa, hakikugawiwa bure, basi fedha ya kukinunulia ilikuwa mkononi mwa nani? Mpunga ulipouzwa, ni nani aliyezihesabu noti? Baadaye, tangu mwaka 2004, serikali ilileta Hati Punguzo, nayo ilitolewa kliniki, mkononi mwa mama mjamzito mwenyewe, ili anunue chandarua kwa bei ndogo. Ilikuwa karatasi ndogo sana, lakini alipewa yeye, wala hakuhitaji kumwomba mtu.

Sasa nafika mahali ninapoona haya. Tangu mwaka 2016 wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi ziliingizwa katika mpango mkubwa wa kupima mashamba ya vijiji na kutoa hati za hakimiliki za kimila, na wanawake wengi waliandikwa kwa sababu ya mpango ule. Ninayotaka kusimulia hayakutokea katika kazi hiyo. Yalitokea kabla yake, nilipokuwa kijana katika kazi, katika ofisi moja nisiyoitaja, ambako nilikaa mezani nikiandika karatasi za mashamba.

Siku moja, watu wakiwa wamepanga mstari mpaka mwembeni, walikuja mume na mke. Mume alisimama mbele ya meza. Mke alisimama nyuma yake hatua mbili, na mtoto mgongoni, na miguu yake ilikuwa na tope lililokauka mpaka magotini. Nikauliza, "Jina la mwenye shamba?" Mume akataja jina lake. Karatasi ilikuwa na nafasi mbili za majina. Ya kwanza nikaijaza. Ya pili nikaipiga mstari wa wino, kwa rula, kama tulivyofundishwa katika shule ya misheni, ili mtu mwingine asije akaongeza neno kwa hila. Yule mama aliutazama mkono wangu wakati nilipokuwa nikiupiga mstari ule. Hakusema neno, nami sikumwuliza. Nilikuwa na haraka, na jua lilikuwa kali, tena nilijiona karani safi kabisa.

Miaka ilipita. Mwanamume yule akafa, Mungu amrehemu. Mjane akaja ofisini, na shemeji yake amefuatana naye, na karatasi imo katika mfuko wa nailoni. Shemeji alitaka kuuza shamba ili, kama alivyosema, deni la mazishi lilipwe na mali ya ukoo isipotee. Mjane alisema, "Shamba hili nimelilima tangu likiwa matete. Mwenzangu alipokuwa akienda vibaruani, nilikuwa huko peke yangu. Mwanangu wa pili nilimzalia dunguni." Tukaifungua karatasi. Mwandiko ulikuwa wangu, na ule mstari wa wino ulikuwa umenyooka vizuri sana.

Mtu aweza kusema: Karani, wewe uliandika ulichoambiwa. Ni kweli, na ndivyo nilivyojitetea moyoni kwa muda wa juma zima. Lakini nilikwenda kusoma sheria ambazo yanipasa kuzijua kabla ya kushika kalamu, nikaona kwamba utetezi wangu hauna miguu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba mila yo yote inayomnyima mwanamke haki ya kupata ardhi, au kuikaa, au kuitumia, haina nguvu. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba baraza la ardhi la kijiji ni watu saba, na watatu wao sharti wawe wanawake. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka ule ule yasema kwamba mume au mke akipata ardhi kwa ajili ya matumizi yao wote wawili, wahesabiwa kuwa nayo pamoja, isipokuwa hati yenyewe imesema waziwazi kwamba ni ya mmoja peke yake. Tena yasema kwamba hata ardhi ikiwa imeandikwa jina moja, yule mwingine akiitumikia kwa kazi yake, kwa kulima na kuitengeneza, amekwisha kupata haki ndani yake.

Basi mama yule alikuwa na haki. Tope la miguuni mwake lilikuwa ni ushahidi wa kisheria, nami sikulisoma. Walakini haki iliyo katika kitabu hutafutwa barazani, na kufika barazani kwataka nauli, na siku za kuacha shamba, na ulimi usioogopa watu wakubwa. Jina likiwa limeandikwa tangu mwanzo hapana haja ya safari hiyo. Shemeji angeisoma karatasi akanyamaza. Nilifanya niwezayo, nikaandika barua, nikamweleza mjane njia ya kufuata. Lakini ulikuwa wakati wa kuvuna, na mpunga haungoji kesi. Mwishowe wakapatana katika ukoo. Yeye akaachiwa kipande kilicho karibu na maji, ambacho kila mtu mahali pale ajua kwamba huzama mwaka mmoja kwa miwili, na sehemu iliyobaki ikauzwa.

Wenzangu wengine watasema kwamba haya ni mambo ya mila, na serikali haifai kutia mkono. Lakini ni mila ya nani? Bonde hili lina Wandamba, Wambunga na Wapogoro, lina Wahehe na Wabena, lina Wasukuma waliokuja na ng'ombe zao, na watu wa pande zote walioletwa na reli na miwa. Mila zao si moja. Tena serikali ilikwisha kutia mkono zamani, ila kwa upande wa pili: Amri ya mwaka 1963 iliziandika mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba, nayo ilisema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha jamaa wa ukoo, na fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga waliishitaki amri hiyo, na shauri lao likafika mpaka kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoangalia haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliamua kwamba walionewa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba karatasi haihusiani na mila. Iliyoandikwa ndiyo hushika.

Na mahakama zetu wenyewe zimesema. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba kazi ya mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa yeye mwenyewe hakupata alichokiomba siku ile. Na mwaka 1990, huko Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua katika shauri la Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi, kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume, na desturi iliyomzuia yapingana na Katiba. Nawasihi makarani vijana wasome mashauri haya mawili. Ni mafupi, na yana manufaa kuliko magazeti mengi tunayosoma saa za kazi.

Kuna neno jingine nililolisikia hapa mlangoni kabla hatujaingia, nami nitalijibu kwa kuwa lilisemwa kwa kicheko. Bwana mmoja alisema, "Ukimwandika mke, kesho ataolewa na mwingine, naye atakuja kulala katika shamba lako." Bwana wangu, wewe ukifa mkeo ataolewa akipenda, akiwa ameandikwa au hakuandikwa. Tofauti ni kwamba akiandikwa, watoto wako watakula mpunga wa shamba lile. Tena wanaume hawaulizwi swali hilo. Mimi sijaona hati iliyokataa kuandika jina la mwanamume kwa hofu ya kwamba ataoa tena.

Sitaki mdhani kwamba taabu hii ni ya mashambani tu, na sisi wa ofisini tumekwisha kuokoka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 yampa mama aliyejifungua siku 84 za likizo yenye mshahara, na siku 100 akizaa pacha, na akirudi kazini apewe nafasi ya kumnyonyesha mtoto hata saa mbili kwa siku. Nani kati yetu amepata kuona saa hizo zimeandikwa katika kitabu cha mahudhurio bila mtu kuguna? Na lipo lile jambo baya zaidi, la mkubwa amwambiaye binti aombaye kazi au uhamisho kwamba faili lake litatembea akikubali kumfuata mahali fulani. Tangu mwaka 2007 jambo hilo ni kosa la rushwa kwa sheria, lenye kifungo na faini, wala si utani wa ofisini. Sisi wa masijala twajua faili linalolala bila sababu. Mafaili hayana miguu, na anayeyalaza twamwona. Sitaongeza neno hapa, maana waliomo humu wamekwisha kunifahamu.

Nirudi kwenye kalamu, ambayo ndiyo yangu. Ninayo maombi kwa mkutano huu, na Bwana Katibu ayaandike katika kumbukumbu. Naomba Chama kikubaliane kwamba mwanachama ye yote aandikaye karatasi ya shamba, au ya kiwanja, au daftari la wauza mpunga, au la wakulima wa miwa ambao malipo yao huingia kwa jina lililoandikwa, asiulize tena, "Jina la mwenye shamba?" Aulize, "Ni nani walimao shamba hili?" Swali la kwanza hujibiwa na mtu mmoja aliyesimama mbele. Swali la pili, nimekwisha kulijaribu, mume hugeuka nyuma kumtazama mkewe kabla hajajibu. Tena karatasi isomwe kwa sauti mbele ya wote wawili, na nafasi ya pili isipigwe mstari mpaka mke mwenyewe amesema kwa kinywa chake kwamba hataki kuandikwa. Wako wasiotaka, nao wana sababu zao. Lakini na waseme wao. Na asiyejua kusoma atie kidole gumba chake mwenyewe, si cha mumewe kwa niaba yake, jambo ambalo nimepata kuliona.

Najua kwamba hili litatuchelewesha. Mstari utafika mwembeni, na pengine utapita mwembe. Wakubwa watauliza kwa nini makaratasi ya siku yamepungua. Nadhani Bwana Mwenyekiti aweza kuwaandikia mapema kwa niaba ya Chama, ili karani mdogo asibebe lawama peke yake. Tena yafaa akina mama wa Chama waingizwe katika halmashauri itakayoitunga barua hiyo, maana tukiitunga sisi wanaume peke yetu tutakuwa tumerudia lile lile ninalolilalamikia.

Mwisho, kwa kuwa nimewasema wengine, sina budi kusema na la kwangu. Nina kiwanja upande wa Kibaoni, tulichokinunua mimi na mwenzangu; nusu ya fedha ilitoka katika mshahara wangu na nusu katika mchele aliouza yeye kwa miaka mitatu. Kiliandikwa jina langu. Hata baada ya kuonana na yule mjane nilikaa karibu mwaka mzima nisifanye neno, nikijiambia kwamba nyumba yangu ina amani na jambo hilo halina haraka. Juma lililopita, nilipokuwa nikiiandika hotuba hii usiku, mke wangu alisoma ukurasa wa pili juu ya bega langu. Akauliza, "Na chetu kimeandikwaje?" Nikamwonyesha hati. Aliisoma yote, akaikunja taratibu, akaiweka mezani, akaenda kumtazama mtoto.

Jumatatu asubuhi niliandika barua ya kuomba majina yawe mawili. Imepokelewa, imepigwa muhuri, na iko masijala ikingoja. Nitawaarifu katika mkutano ujao kama imetembea.

 Mwenye swali na aulize.